Tamthilia na hadithi fupi ni stori ile ile, sasa nilinganishe nini?

Mdogo wangu, swali lako nalifupisha hapa ili na wengine wafuate. Mmepewa kulinganisha Trifles, tamthilia ya Susan Glaspell, na A Jury of Her Peers, hadithi fupi ya huyo huyo Glaspell. Umesoma zote, ukaona wahusika ni wale wale, maneno karibu yale yale, mwisho ule ule, ukachora jedwali la kufanana na kutofautiana, na upande wa kutofautiana umepata vitu viwili tu: moja ya kuigiza nyingine ya kusoma, na hadithi ndefu kidogo. Sasa unauliza kurasa tano utazijaza na nini. Halafu kuna la pili, kikundi chenu kinataka kuiigiza mwisho wa muhula na kuna mwenzenu anang'ang'ania mchukue hadithi mweke msimulizi pembeni ya steji. Hilo la pili ntalijibu mwishoni.

Jedwali lifute kwanza, maana hilo ndo linalokupoteza. Ukianza kutafuta kipi kipo huku na kipi hakipo kule utaishia kuhesabu vyombo vya jikoni. Jiulize kitu kimoja tu: mimi nimewekwa wapi? Kwenye tamthilia umewekwa nje ya vichwa vya watu wote, unaona mikono na nyuso, unasikia wanachosema, basi. Kwenye hadithi umewekwa upande wa Martha Hale tangu sentensi ya kwanza, unaona anachoona yeye na unajua anachowaza yeye, na habadilishwi na mtu mwingine hadi mwisho. Hiyo tofauti moja ndo imezaa zingine zote.

Kwa ambao hawajasoma, stori yenyewe fupi. Nyumba ya shamba huko Marekani, baridi kali. Mkulima John Wright amekutwa kitandani amekufa, kamba shingoni, na mkewe Minnie yuko jikoni kwenye kiti cha kubembea anakunjakunja aproni yake, anasema alikuwa amelala pembeni ya mumewe ila hakuamka. Amekamatwa. Kesho yake wanakuja sherifu Peters, mwanasheria wa kaunti anayetafuta ushahidi, na jirani Hale aliyegundua maiti, na hawa wawili wa mwisho kuwataja ndo wenye stori, yaani Bi Hale, ndo huyo Martha, mke wa jirani, na Bi Peters, mke wa sherifu, waliokuja kumchukulia Minnie nguo za kwenda nazo jela. Wanaume wanapanda juu, wanatoka wanaenda bandani, wanatafuta sababu ya mauaji. Jikoni hawaangalii, sherifu mwenyewe anasema hapa kuna vitu vya jikoni tu. Wanawake wanabaki jikoni na sababu wanaikuta hapo hapo, kisha wanaificha.

Kabla sijaingia ndani kuna kitu kwenye rasimu yako kirekebishe. Umeandika "hadithi ilipogeuzwa kuwa tamthilia". Ni kinyume. Tamthilia ndo ilitangulia, ilichezwa mara ya kwanza Agosti 8, 1916 pale Provincetown, Massachusetts, kwenye kijumba cha gatini walichokigeuza ukumbi, na Glaspell mwenyewe aliigiza kama Bi Hale huku mumewe George Cram Cook akiigiza kama Bwana Hale. Hadithi ikatoka Machi 1917 kwenye gazeti la Every Week. Hii siyo tarehe ya kupamba utangulizi. Mwandishi alishasimama steji ndani ya mwili wa Bi Hale, akainama akaangalia mshono wa Minnie, akaficha kisanduku chenye ushahidi kwa mkono wake (vyote viwili ntavifikia), ndo baadaye akakaa kuandika huyu mama anawaza nini. Kwa hiyo usiseme tamthilia "imepunguza" mawazo ya Bi Hale. Hadithi ndo imeyaongeza, na kazi yako ni kuuliza ameyaongeza wapi na kwa nini hapo.

Na nyuma ya zote mbili kuna kesi ya kweli. Desemba 1900 mkulima John Hossack aliuawa kwa shoka usingizini karibu na Indianola, Iowa, mkewe Margaret akashtakiwa, na Glaspell akiwa ripota kijana wa Des Moines Daily News ndo aliiripoti. Ripoti zake za mwanzo zilimchora yule mama kama mtu mkavu asiye na machozi, baadaye akafika nyumbani kwao na lugha ikaanza kulainika. Aprili 1901 baraza la wazee wa mahakama, wanaume watupu, lilimtia hatiani akapewa kifungo cha maisha, mahakama ya juu ya Iowa ikafuta hukumu mwaka 1902, kesi ikarudiwa 1903 na wazee wa baraza wakashindwa kukubaliana, ikaishia hapo. Insha yako haihitaji zaidi ya sentensi mbili za hii habari, usije ukaijaza historia nzima, ila zishike maana kwenye jina la hadithi utazihitaji.

Haya, tuanze na mwanzo wa kila moja, na hapa tulia usome pole pole.

Tamthilia inafunguka na jiko tupu. Hamna mtu. Sufuria chafu chini ya sinki, mkate umeachwa nje ya kasha lake, taulo la vyombo mezani, kazi zimeachwa njiani. Hadhira inakaa inaliangalia jiko la mtu asiyejulikana, na kwa muda mfupi huo wewe mtazamaji ndo mpelelezi. Halafu mlango unafunguka, wanaume wanaingia wanaenda moja kwa moja kwenye jiko la moto, wanawake wanaingia nyuma yao taratibu na wanasimama karibu karibu pale mlangoni. Mwanasheria anawakaribisha waje waote moto, Bi Peters anajibu kwamba hasikii baridi. Baridi yote hiyo! Ile usiku iliyopasua mitungi ya matunda ya Minnie! Kwa jibu hilo dogo na pale walipoweka miguu yao, umeshajua nani anajiona ana haki ya kuwa humu ndani na nani hajioni, na hakuna aliyekuambia.

Hadithi sasa. Inafunguka jikoni pia, ila siyo kwa Minnie, ni jikoni kwa Bi Hale mwenyewe. Wamekuja kumchukua ghafla, ameacha mkate haujakandwa ukaisha, unga nusu umechekechwa nusu bado, na inamuuma kwa sababu hapendi kabisa kuacha kitu nusu. Unasoma unapita, unaona ni mapambo ya mwanzo wa stori. Baadaye sana, akiwa jikoni kwa Minnie, anaona ndoo ya sukari iko wazi na pembeni mfuko wa karatasi umejazwa nusu, na meza imefutwa upande mmoja, upande wa pili chafu. Na hapo anaukumbuka unga wake nyumbani. Mimi nilikatizwa, nikaacha nusu. Minnie alikatizwa na nini?

Unaona kilichofanyika? Kwenye tamthilia jiko lenye kazi za nusu ni ushahidi, unautazama kwa mbali. Kwenye hadithi ni jambo ambalo Bi Hale limempata asubuhi hiyo hiyo, kwa hiyo haoni ushahidi wa mtu mwingine, anajiona yeye. Wanaume wanaingia pale wanaona mwanamke mchafu asiyejua kutunza nyumba, mwanasheria anagusa sufuria kwa mguu na kulalamikia taulo, lakini mtu ambaye ametoka kuacha unga nusu hawezi kuwaza hivyo. Hii aya peke yake ukiiandika vizuri umeshapata ukurasa mzima.

Mfano wa pili ni pale Bwana Hale anaposimulia alivyokuta maiti. Maneno yake yanakaribiana mno kwenye zote mbili: alikuja kumshawishi Wright waingie pamoja kwenye laini ya simu ya majirani, akamkuta Minnie kwenye kiti cha kubembea, akauliza mumewe yuko wapi. Kwenye tamthilia wewe unasikiliza ushahidi kama mahakamani, na anaposema Minnie alimwangalia kwa hofu mwanasheria anaandika kwenye kijitabu, hapo Hale anashtuka anajirudi, labda haikuwa hofu bwana. Ni kicheko kidogo cha ukumbini na pia ni kitisho. Kwenye hadithi masikio unayosikilizia siyo yako, ni ya mkewe, na mkewe ameshika roho mkononi muda wote kwa sababu anamjua mume wake, akianza stori anazunguka mpaka anachanganya mambo, anaomba kimya kimya asije akaropoka kitu cha kumzidishia Minnie matatizo. Yaani kabla hata hajaona ushahidi wowote Bi Hale ameshachagua upande! Kwenye tamthilia hulijui hilo bado, unalijua taratibu, na waigizaji wawili tofauti wanaweza kukufanya ulijue mapema au kwa kuchelewa.

Na kile kiti. Kwenye skripti ni kiti cha kubembea, mtu wa vifaa atafute chochote. Kwenye hadithi Bi Hale anakiangalia, kina rangi nyekundu iliyochujuka, pau moja ya mgongoni imetoka, na anawaza kwamba hakifanani hata kidogo na Minnie Foster wa miaka 20 iliyopita. Angalia jina alilotumia. Kichwani mwake bado anamwita Minnie Foster, jina la usichana, kwa miaka 20 ya ndoa ya mwenzie hajawahi kumzoea kama Bi Wright, na hapo hapo inamchoma kwamba kumtembelea amekuwa akisema atakwenda, atakwenda, na hakwenda.

Hili la hatia ndo kwa maoni yangu linaifanya hadithi isiwe marudio ya tamthilia. Zote mbili zina pale Bi Hale anapolipuka kwamba kutokuja kwake kumwona Minnie ndo kosa lenyewe, na nani ataliadhibu hilo. Ukiwa ukumbini inakupiga ghafla, mwanamke aliyekuwa anajibu kwa ukali kidogo kidogo sasa amevunjika. Ukiwa unasoma hadithi haikushtui, kwa sababu umeishi na hatia yake kurasa kibao, umesikia ikichemka, unachosikia sasa ni mtu kusema kwa sauti kile alichokuwa anakizungusha kichwani tangu wako njiani kwenye gari la farasi wakiitazama ile nyumba ya upweke bondeni. Usiseme ipi "inafaa zaidi". Sema moja imetumia mshtuko na nyingine imetumia shinikizo, onyesha kwa mistari.

Tuje kwenye mshono. Minnie alikuwa anashona kwilti, blanketi la vipande vipande vya vitambaa vinavyounganishwa kwa mkono. Vipande vyote vimeshonwa safi, sindano sawasawa, isipokuwa kimoja cha mwisho kimeenda hovyo kama mtu hakujua anafanya nini. Bi Hale anafumua anashona upya. Bi Peters anasema kwa woga nadhani tusiguse vitu, mwenzie anajibu anamalizia huu upande tu. Kwenye steji ni sindano na kitambaa na kimya, na huo ndo uhalifu wa kwanza kutendeka mbele ya hadhira, unatendeka kwa utulivu hivyo kwamba nusu ya ukumbi hawagundui kuwa ushahidi umeharibiwa mbele ya macho yao. Kwenye hadithi Bi Hale akikishika kile kitambaa anapata hisia ya ajabu, kama vile mawazo yaliyovurugika ya yule aliyekuwa anashona yanamwingia yeye kupitia vidole. Sentensi nzuri, siikatai, lakini inakufanyia kazi ambayo steji ilikuachia ufanye mwenyewe. Hapa mi nasimama na tamthilia.

Bi Peters ndo mtu ambaye wanafunzi wengi wanamruka, na wewe umemruka. Yeye ndo anayepoteza na kupata kutoka toleo moja hadi jingine. Kwenye tamthilia yuko sawa na Bi Hale, wote wawili unawaona kwa nje, na ukitaka unaweza kumfuata yeye tu kwa macho jioni nzima. Kwenye hadithi unamwona kupitia Bi Hale, ambaye mwanzoni hamwamini sana, anamwona mdogo, mwembamba, sauti haina nguvu, hafanani na mke wa sherifu. Anachowaza ndani hukipati. Kwa hiyo anapoanza kubadilika hujui kama kweli anabadilika. Mwanasheria anakumbushia kwamba mke wa sherifu ameolewa na sheria, na wewe msomaji una wasiwasi ule ule alionao Bi Hale: huyu atasema au hatasema?

Chukua lile la paka. Wameshaona tundu la ndege limevunjwa mlango, na kwenye kikapu cha ushonaji wamekuta kisanduku kizuri chenye kanari aliyenyongwa shingo, amefungwa kwenye hariri. Mwanasheria anaingia, anaona tundu, anauliza ndege karuka? Bi Hale anasema tunadhani paka kamla. Kuna paka? anauliza yule kwa kupitisha tu muda. Sasa sisi tunajua hakuna, Bi Peters mwenyewe ndo alisema muda si mrefu kwamba Minnie anaogopa paka. Na Bi Peters ndo anayejibu: sasa hivi hayupo, paka wana mambo yao, huwa wanahama. Mke wa sherifu amedanganya, neno kwa neno sawa kwenye matoleo yote mawili. Ukumbini watu wanacheka kidogo halafu kicheko kinakwama, kwa sababu wanajua zaidi ya yule mwanasheria. Kwenye hadithi unalipokea kama Bi Hale anavyolipokea, kumbe na yeye yuko pamoja nami. Maneno hayajabadilika, kilichobadilika ni pale ulipokaa wewe.

Mwisho nao angalia. Kwenye zote Bi Hale anaelekeza kwa macho pale kisanduku kilipo, Bi Peters anajaribu kukisukumia kwenye kibegi chake hakiingii, anataka amtoe ndege mkono unakataa, kitasa kinalia, Bi Hale anakinyakua anatia mfukoni mwa koti. Mwanasheria anauliza kwa utani ile kwilti Minnie angeimaliza kwa staili gani, Bi Hale anajibu kwa kufunga mafundo, mkono juu ya mfuko. Tofauti ni kwamba hadithi kabla ya kitendo inatuambia wazi kwamba yule mwanamke hayupo pale na bado alikuwa nao saa ile yote. Tamthilia haisemi. Minnie haonekani steji hata sekunde moja, lakini umeliangalia jiko lake tangu taa zilipowaka, unamjua.

Majina yape aya moja tu. Jina la tamthilia limetoka mdomoni mwa Bwana Hale, anayesema wanawake wamezoea kuhangaikia vitu vidogo, kwa hiyo hadhira inaingia ukumbini na dharau ya wanaume kichwani na inatoka imeona vitu vidogo vimefanya nini. Jina la hadithi linaongelea haki ya kuhukumiwa na walio sawa na wewe, na hapa ndo mrudishe Hossack kwa sentensi zako mbili. Wanaume watupu wa Aprili 1901. Marekani nzima wanawake walipata haki ya kura kikatiba 1920, miaka mitatu baada ya hadithi kutoka. Glaspell amewapa wanawake wawili baraza lao jikoni.

Sasa suala la kuigiza. Hakimiliki isiwape shida, Glaspell alifariki 1948. Msimulizi pembeni msimweke, mwambieni huyo mwenzenu kwa heshima. Akisimama pale kutusomea anachowaza Bi Hale mtakuwa mmeua kimya, na kimya ndo nusu ya tamthilia hii. Ila hadithi muipe kazi nyingine: dada atakayeigiza kama Bi Hale aisome mpaka ajue ule unga ulioachwa nyumbani, ajue kwa nini anaogopa mumewe akianza kuongea, halafu asituambie hata neno moja, atembee nayo tu. Wa Bi Peters yeye asome mara moja aiweke chini, maana hadithi inamficha, atajaza mwenyewe. Yule mtoto wake aliyefia Dakota akiwa na miaka miwili, na paka wake mdogo aliyeuawa na mvulana kwa kishoka, hivyo vimo kwenye skripti na vinamtosha.

Msilihamishie stori kijijini kwenu pia, najua mtashawishika. Bila ile baridi mitungi haipasuki, majirani hawana kisingizio cha kutokutembeleana, na hakuna sababu ya mtu kuvaa koti kubwa ndani ya nyumba, na koti mnalihitaji. Kipande cha kwilti chenye mshono mbovu kiwe kikubwa kionekane mpaka viti vya nyuma. Kibegi cha Bi Peters kiwe kidogo kweli, asiigize kwamba hakiingii, kisiingie. Na mfuko wa Bi Hale mjaribu mazoezini mpaka kisanduku kiingie kwa mkono mmoja bila kuangalia, kwa sababu hapo mlango umeshaanza kufunguka na hana muda wa kuhangaika na kitambaa.